Umri wa Ubongo wa Bi. Havijawa

Kaeni vizuri, na hicho kigoda kisogezeni, maana habari hii si ya kusimuliwa kwa watu waliosimama. Ilitokea katika nchi moja ambayo si hii. Nasema mapema ili asije mtu kuniuliza maswali. Ni nchi ya mbali kabisa, ina bendera yake na mkuu wake, na kama mtaona jambo linalofanana na mahali mnapopafahamu, basi ni nchi zenyewe zimefanana, mimi simo. Huko nilikwenda kutembea tu, nikakaa miaka arobaini.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mwenyewe. Alikuwa na jina la kuzaliwa, lakini lilichakaa kwa kukosa wa kulitumia. Redio ilisema Mwenyewe ameamka, Mwenyewe amefungua daraja, Mwenyewe ana mafua kidogo lakini mafua yanaendelea vizuri.

Siku moja Mwenyewe alialikwa karamuni nchi ya jirani. Akapanda jukwaani, akawashukuru wenyeji kwa ukarimu, akaisifu milima yao, akalisifu ziwa lao, akamalizia kwa kuwatakia heri katika ugomvi wao na yule jirani yao mkorofi. Wenyeji wakatazamana. Milima hawakuwa nayo, ziwa hawakuwa nalo, na jirani mkorofi alikuwa yeye.

Aliporudi, Baraza la Mawaziri likakaa siku mbili kuchunguza kilichotokea. Likaona wazi kwamba tatizo ni kumbukumbu. Kumbukumbu za wananchi.

"Haiwezekani," alisema Daktari Ngwandu, Waziri wa Akili na Wepesi, ambaye wizara yake iliundwa asubuhi ileile, "haiwezekani kabisa kiongozi wa watu wenye ubongo mkali akasahau. Kiongozi amebeba akili za watu milioni kumi kichwani. Zikiwa butu, zinamlemea. Sasa anayepaswa kupimwa ni nani, mbebaji au mzigo?"

Wakapiga makofi, maana swali lilikuwa zuri na hakuna aliyetaka kulijibu.

*

Ikanunuliwa programu ya simu iitwayo Noa. Ilikuwa michezo, jamani, michezo ya kawaida kabisa. Samaki wanapita, wewe unamgusa mwekundu tu. Kadi zimefunikwa, wewe unatafuta mbili zinazofanana. Neno "kijani" limeandikwa kwa wino wa njano, wewe unataja rangi, hutaji neno. Ukimaliza, simu inapiga kengele, inakutangazia alama zako kwa mia, halafu inakuambia ubongo wako una umri gani. Kwa mtu anayejipima nyumbani kwake kujifurahisha, naona ni kitu kizuri tu. Ila nchi ile haikuwa na mazoea ya kujifurahisha bila fomu.

Kila mtu mzima akaamriwa kucheza kila Ijumaa na kutembea na Cheti cha Ubongo kisichozidi siku saba. Bila cheti hupandi basi, hununui sukari, huingii hospitali. Dereva mmoja alifikishwa hospitali mguu umevunjika mara mbili, akapewa kwanza kishkwambi, ile simu pana, atafute kadi za mananasi pacha, ili daktari ajue anaongea na mtu wa umri gani. Akakosa. Ubongo ukatoka na miaka themanini na tisa, akalazwa wodi ya wazee, na huko wakamtibu macho. Harusi nazo zikaanza kuvunjika. Kijana ana miaka ishirini na nane ya kuzaliwa na sitini na tatu ya ubongo, wazazi wa binti wanasema hawawezi kumwoza mtoto wao kwa babu.

Nyumba ya jirani alifariki mzee mmoja siku ya Jumanne. Ijumaa simu yake ikalia katikati ya matanga: "Hujaunoa ubongo wako leo." Wanawe wakaenda ofisini kufunga akaunti, wakaambiwa akaunti hufungwa na marehemu mwenyewe kwa kutaja neno lake la siri. Basi ikaachwa. Mwezi ulipokwisha, marehemu alikuwa ameshuka alama sita tu, akashika nafasi ya nne mtaani. Wengi wetu tulikuwa chini yake.

Tulicheka, nisiseme uongo. Kisha ikaja sheria, na kicheko kikatukatikia mdomoni.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mtu akipata chini ya alama arobaini mara tatu mfululizo, amechoka kufikiri, na serikali kwa huruma yake itampa Mfikiriaji. Huyo ndiye atakayemwamulia mambo yote: auze au asiuze, ahame au asihame, aolewe au akae hivyohivyo. Na Mfikiriaji wa mtu ni yule mwenye alama za juu kuliko wote katika eneo la mtu huyo. Mtu wa mtaani hupewa bingwa wa mtaa. Mkuu wa wilaya, ambaye eneo lake ni wilaya, hupewa bingwa wa wilaya. Mwanasheria aliyeiandika alikuwa mpenda mpangilio, akaipanda ngazi hiyo hadi juu kabisa bila kutazama amefika wapi.

Bingwa wa mtaa wetu alikuwa Mwenyekiti Mlekwa, alama tisini na nane. Hakuna aliyemwona akicheza, na simu yake ilikuwa ya kitochi, isiyojua samaki wala nanasi. Alama zake zilipelekwa wilayani kwa barua, barua aliiandika yeye, na wilaya iliusifu mwandiko.

*

Sasa niwape Bi. Havijawa. Umri wake wa kuzaliwa ulikuwa sitini na sita, kazi yake mpishi wa shughuli. Kama uliwahi kwenda kwenye harusi ukarudi umelisahau jina la bwana arusi lakini pilau unalikumbuka, ulikula la kwake. Aliwapikia watu mia nane bila mzani wala daftari. Alijua kwa jicho tu, na alikumbuka kwamba mkwe wa fulani hagusi kitunguu saumu tangu mwaka wa mafuriko, na sababu yake alikuwa nayo, ila hakuisema mbele ya watu chini ya watatu.

Alikuwa na nyumba ya kona, na nyuma yake uani mpana wenye mafiga matatu. Uani ule haukuwahi kuwa mtupu. Wa kusuka, wa kusukwa, wa kucheza drafti, wa kuomba moto akasahau kuondoka. Ukitaka kujua nani kaachika mjini hapa, hununui gazeti, unakwenda kukaa kwa Bi. Havijawa, na akitoka mtu unajua zamu ya kusemwa ni yake.

Taabu yake ilikuwa vidole. Miaka arobaini ya kushika masufuria ya moto ilikuwa imeviotesha ngozi ngumu kama ukoko, na ile skrini haikumtambua kama mtu. Anamwona samaki mwekundu, anamgusa, samaki anapita zake. Anamgusa tena, samaki kama hajaguswa na kiumbe. Ijumaa ya kwanza akapata thelathini na moja. Ijumaa ya pili, ishirini na saba, umri wa ubongo miaka tisini na nne. Ikabaki Ijumaa moja.

Jumatatu yake, Mwenyekiti Mlekwa akaingia na futi kamba.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwenyekiti. Unapima nini?"

"Ninafikiria tu, mama."

"Unafikiria na futi?"

"Ninafikiria kwa niaba yako. Nimeanza mapema ili Ijumaa nisije kukupa fikra za haraka haraka." Akaivuta futi kutoka mafigani hadi mlango wa uani, akaandika. "Nimeona kwamba Jumamosi utapenda kuutoa uani huu na nyumba yake kwa taifa. Pajengwe Kituo cha Mazoezi ya Ubongo, na pembeni ofisi ndogo ya mwenyekiti. Utafurahi sana."

"Nitafurahi?"

"Mno. Utahamia kwa dada yako kule Gengeni."

"Mimi na dada yangu tumenuniana mwaka wa saba huu."

"Hilo nalo nimelifikiria," Mwenyekiti akasema. "Mmepatana."

Akakunja futi yake, akaaga vizuri, akatoka. Havijawa ninayemjua mimi angemsindikiza kwa mwiko mpaka barabarani. Siku hiyo alikaa tu. Sufuria ikashika chini, tukasikia harufu ya kuungua, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa sababu katika maisha yetu yote hatukuwahi kuisikia harufu hiyo uani pale.

"Nyumba hii nimeijenga kwa moshi," akasema mwishowe. "Kila tofali ni harusi ya mtu. Sasa nahamishwa na samaki?"

*

Na hapa ndipo pana kosa ambalo watu wa mtaa ule tu ndio wangelifanya. Naapa hakuna aliyekusudia udanganyifu. Mtaa ule hapakuwa na kitu kinachofanywa na mtu mmoja. Barua ikija inasomwa kwa sauti, na wanaoisikiliza wanaijibu kabla haijaisha. Daktari akimwuliza mgonjwa anaumwa wapi, wanaojibu ni waliomsindikiza. Msichana akiposwa, anayeulizwa kama amekubali ni yeye, anayesema "amekubali, msimtie aibu" ni jirani. Kwa hiyo ilipofika Ijumaa na simu ikaandika "Je, uko tayari?", watu wote uani wakajibu kwamba wako tayari.

Simu ikawekwa juu ya karai lililopinduliwa, sisi tukaizunguka. Alikuwapo Zamda msusi, ambaye akikitazama kichwa mara moja anajua nywele zipi ni za kununua. Alikuwapo Gervas, kipa wa zamani wa timu ya bandari, mwenye mikono inayofika kabla yeye hajaamua. Na Mzee Tindwa wa drafti, ambaye bado anakumbuka aliibiwa kete na nani na mwaka gani.

"Mwekundu huyo, Gervas, mbona unamtazama kama umeletewa posa?"

"Nimemgusa zamani, Zamda. Wewe uko kwenye samaki wa jana."

"Kadi sasa, kadi. Mzee Tindwa, nanasi la pili liko wapi?"

"Kona ya chini kulia. Nimeliona linajificha. Na tunda hilo lingine msiliguse, lina mwenzake juu, ni la kututega tu."

"Rangi, Bi. Havijawa, hii imeandikwa 'nyeusi'."

"Imeandikwa nyeusi lakini ni bizari," Bi. Havijawa akasema, jicho moja kwenye simu na jingine kwenye sufuria yake. "Njano. Na hiyo inayofuata ni mkaa uliopoa, gusa kijivu. Gervas, mkono mmoja kwenye simu, na huo mwingine urudishe kwako."

Mchezo ulipokwisha, simu ikazungusha duara lake, ikahesabu. Kisha ikapiga kengele. Alama mia moja na kumi na nne kwa mia. Umri wa ubongo: haujazaliwa.

Uani ukalipuka kwa vigelegele. Bi. Havijawa akafunika sufuria, akasema, "Basi Mwenyekiti akakunje futi yake." Tulikula, tukaona mambo yamekwisha.

*

Jumatano yakaja magari mawili meusi. Akashuka ofisa mwenye suti, akasimama mlangoni na karatasi.

"Nani Havijawa binti Sefu?"

"Kuna nini?" tukajibu watu kumi na saba.

"Nimeuliza mtu mmoja."

"Ni mimi, mwanangu," Bi. Havijawa akasema. "Kama ni kwa habari ya simu, hawa hawamo."

Ofisa akamwinamia mpaka tai ikagusa jivu. Kumbe hakuja kukamata. Alikuja kumchukua bingwa wa taifa. Jumamosi ilikuwa Siku ya Ubongo, Mwenyewe na wakubwa wote wangecheza ukumbini mbele ya kamera, na ubongo usiozaliwa ungekaa mstari wa mbele. Na kwa heshima ya siku hiyo, akasoma, Mheshimiwa Waziri ameagiza kwamba alama zote za nyuma zifutwe, na mchezo wa Jumamosi uhesabike kama mara tatu.

Bi. Havijawa hakuhitaji kurudiwa. "Yaani huko nikipata thelathini, narudi sina nyumba."

"Mama, wewe huwezi kupata thelathini. Wewe una mia moja na kumi na nne."

"Naweza kwenda na watu wangu?"

"Msindikizaji mmoja."

Tukajadiliana. Gervas akasema aende yeye, samaki ndio wengi. Zamda akasema rangi ndizo zinazoangusha watu. Mwisho nikachaguliwa mimi, ambaye siwezi mchezo hata mmoja, kwa sababu walisema lolote litakalotokea, kubwa ni kwamba lisimuliwe vizuri.

*

Ukumbi ulikuwa na wakubwa mia tatu na kumi, kila mmoja na kishkwambi chake juu ya kitambaa cheupe. Mwenyekiti Mlekwa alikuwapo pia. Alikuwa amejiandikisha kama Mlezi wa Bingwa. Alitusalimia kwa furaha, akajishika mfuko wa koti, nikaona ncha ya futi kamba imechungulia.

Niwaambie jambo moja la itifaki ya nchi ile. Hakuna aliyeketi kabla ya Mwenyewe, aliyekula kabla ya Mwenyewe, wala aliyecheka kabla ya Mwenyewe. Waziri mmoja aliwahi kutangulia kupiga chafya, wakamfanya balozi kwenye kisiwa ambacho maji yakijaa hakionekani. Itifaki hiyo waliijua wote mle ndani. Bi. Havijawa hakuna aliyemwambia, kwa sababu bingwa wa taifa ataambiwa nini.

Daktari Ngwandu akahutubia.

"Leo," akasema, "ubongo wa taifa unavua shati na kuonyesha misuli yake kwa dunia. Mtambo huu wa kisasa haushikwi na mkono wa mtu. Matokeo yatatoka yenyewe, barua zitajichapa zenyewe, saini itajitia yenyewe. Ili ukumbi huu upate kasi, intaneti ya wananchi imezimwa nchi nzima, na tunawashukuru kwa kutuazima. Muda ni dakika tano. Kengele ikilia, tuanze."

Kengele ikalia. Kila kishkwambi kikaandika: "Je, unakubali masharti?" Chini yake kitufe kimoja, NDIYO.

Mwenyewe akakitazama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Masharti ya nani haya?"

"Ya mtambo, Mheshimiwa," Waziri akanong'ona kwenye kipaza sauti.

"Mtambo unaniwekea masharti mimi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni utaratibu tu. Ukigusa hapo kwenye ndiyo..."

"Nisomee yote. Kwanza mpaka mwisho."

Masharti yalikuwa arobaini na sita. Waziri akaanza la kwanza, linalohusu watoto chini ya miaka minane. Vidole mia tatu na tisa vikabaki hewani. Mawaziri, majaji, majenerali, wote kidole juu kama wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kutoka. Jenerali mmoja mkono ulimchoka, akaushikilia kwa mwingine. Mwenyekiti Mlekwa jasho lilimchuruzika mpaka kwenye kishkwambi, na kishkwambi kikamwonya kwamba skrini imelowa.

Bi. Havijawa yeye alichovya kidole kwenye glasi ya maji, akagusa NDIYO kwa upande wa kidole, pale ngozi ilipobaki laini kidogo. Samaki wakaanza kupita.

"Mwekundu huyo," nikamwambia kwa chini.

Mlinzi akanikanyaga mguu. Nikabaki kumtazama akipambana peke yake, mwanamke aliyewalisha watu wa mji mzima, amekunja uso, ulimi kauuma pembeni, anagusa na kukosa, anagusa na kukosa. Samaki mmoja akamkubali. Kisha mwingine baada ya muda mrefu. Kwenye kadi alikumbuka zote, nilimwona macho yakienda penyewe, lakini kadi hazikufunuka. Kengele ikalia ya pili. Alama ishirini na mbili.

Akakilaza kile kishkwambi kifudifudi kama mtu anayemfunika maiti uso.

"Basi," akaniambia. "Nyumba imekwenda. Mwambie Zamda achukue masufuria kabla huyu hajayafikiria."

Mwenyekiti Mlekwa alikuwa amekwisha simama, futi mkononi.

Ndipo kioo kikubwa cha ukutani kilipowaka. Waziri alikuwa amefika sharti la kumi na tisa. Majina yakaanza kushuka, na mbele ya kila jina alama zake. Mwenyewe: sifuri. Daktari Ngwandu: sifuri. Jaji Mkuu: sifuri. Jenerali: sifuri. Mwenyekiti Mlekwa: sifuri. Mia tatu na kumi, sifuri kama shanga. Na juu kabisa, kwa herufi za dhahabu: bingwa wa taifa, Havijawa binti Sefu, ishirini na mbili.

Mtambo hauna itifaki. Ukaanza kuchapa barua. Mheshimiwa Mwenyewe, eneo lake taifa, Mfikiriaji wake Havijawa binti Sefu. Mheshimiwa Waziri, Mfikiriaji wake Havijawa binti Sefu. Barua zikatiririka sakafuni mpaka zikafika miguuni kwa Mwenyekiti, naye akaokota moja, akaisoma polepole kwa sauti, kwa mazoea ya kusomea watu barua zao.

"Havijawa binti Sefu. Alama chini ya arobaini. Amechoka kufikiri." Hapo akatabasamu. "Amepewa Mfikiriaji, bingwa wa mtaa wake, ambaye ni..." Akaigeuza upande wa pili, akairudisha. "Ambaye ni Havijawa binti Sefu."

Televisheni ikaonyesha maporomoko ya maji na muziki mpaka jioni. Wananchi wakajua kumetokea jambo zuri.

*

Walitaka kufuta kila kitu palepale. Lakini kufuta kulihitaji saini ya Mwenyewe, na Mwenyewe hakuweza tena kusaini bila Mfikiriaji wake. Wakampeleka Bi. Havijawa ikulu kwa heshima zote.

"Mama, tufutie tu haya mambo," Daktari Ngwandu akasema.

"Nitafikiria," akasema Bi. Havijawa. "Si ndiyo kazi mliyonipa?"

Akafikiria siku tatu. Mwenyewe kwa kweli hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwa hiyo leo nisifikiri kitu?" Akajibiwa kwamba ndivyo, hatakiwi kufikiri kitu. "Kama jana," akasema, akaenda kupumzika.

Siku ya pili Katibu wa Ikulu, mzee mmoja mkimya mwenye suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri, akaingia na mafaili ya kawaida ya kutia saini. Nilikuwa namsomea moja moja. Daraja, sawa. Madawati, sawa. La tano nikalisoma mara mbili. Kutwaliwa kwa nyumba ya kona na uani wake, mita ishirini na mbili kwa kumi na nane, kwa ajili ya Kituo cha Mazoezi ya Ubongo na ofisi ndogo. Mwenyekiti Mlekwa hakusubiri Jumamosi. Alikuwa amelipeleka tangu siku ile ya futi.

Bi. Havijawa akaomba kalamu nene. Akaandika juu ya karatasi, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma ngumbaru ukubwani: HAPANA.

Katibu akalitazama faili, kisha akamtazama yeye.

"Mama, hili siwezi kulipokea."

"Kwa nini? Mimi si ndiye Mfikiriaji wa Mwenyewe?"

"Ndiwe. Lakini uamuzi wa ikulu bila muhuri bado si uamuzi, na muhuri tulionao ni mmoja." Akafungua mtoto wa meza, akautoa. Ulikuwa umeandikwa NIMEKUBALI. Herufi zilikuwa zimelika pembeni. "Una miaka thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kuhitaji mwingine."

"Na faili likikaa hivyo, limeandikwa, halina muhuri?"

"Haliendi mbele, halirudi nyuma. Na mtu mwingine haruhusiwi kuligusa wala kuandika jipya juu ya kitalu hicho, mpaka lipate muhuri wake."

Bi. Havijawa akafikiri. Safari hii nilimwona kabisa akifikiri.

"Basi agizeni muhuri wa hapana," akasema. "Tangazeni zabuni. Undeni kamati. Fuateni taratibu zote, msiruke hata moja."

Yule mzee akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa yanacheka, mdomo haumo. Nikamheshimu sana.

Siku ya nne Bi. Havijawa akakubali barua zote zifutwe, akasema watu mia tatu na kumi ni wengi mno kuwafikiria, hasa kwa kuwa hawakumwachia pa kuanzia. Bunge likatangaza kwamba Noa ilikuwa na ugonjwa wa nchi za nje. Daktari Ngwandu akahamishiwa Wizara ya Uvuvi, kwa uzoefu wake na samaki. Mwenyekiti Mlekwa alibaki kuwa mwenyekiti, maana wa kumwondoa ni yeye.

Lakini faili liko palepale. Zabuni ya kwanza ilitangazwa, akashinda shemeji wa mtu, akaleta muhuri wa mpira usioshika wino. Kamati ikakaa, ikakubaliana kumkataa. Ndipo ikagundua kwamba barua ya kumkataa mzabuni inahitaji muhuri wa hapana. Kwa hiyo kamati inaukagua muhuri ule usioshika wino, mwaka wa sita sasa, na wajumbe wake wawili wamekwisha staafu.

Mwenyekiti Mlekwa hupita uani kila Jumatatu.

"Muhuri umefika, mama?"

"Bado, Mwenyekiti. Serikali inafikiria," Bi. Havijawa humjibu, kisha humsogezea ungo. "Wewe kaa hapo uchambue mchele."